Haki ya Mtoto Katika Macho Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na yeye ndiye tumwombaye msaada, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baada ya hayo.

Enyi ndugu zangu Waislamu, khasa nyinyi mkaao Temeke na Tandika na Mbagala, na nyinyi wa Kinondoni na Tandale na Manzese: jambo nililokusudia kulisema katika karatasi hizi si khitilafu ya kuandama mwezi, wala si ubishi wa maulidi, kwani mambo hayo yana watu wake na hawachoki. Nimekusudia kusema juu ya mtoto asiyeona sawasawa, na baba yake ambaye hana khabari.

Simkusudii kipofu. Kipofu twamjua, na kila mwenye imani humshika mkono. Tena khabari yake imetangulia katika Suratu Abasa, iliyoshuka kwa ajili ya Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka ilimu na hali wakubwa wa Makureshi wamekaa barazani. Na baada ya hapo Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtukuza, akamfanya mwadhini wake, na mara kwa mara akamwachia Madina alipotoka safarini. Basi ikiwa Sura nzima imefunguliwa kwa khabari ya mtu mmoja asiyeona aliyekuja kutaka ilimu saa moja ya siku, tuseme nini sisi tunaowageuzia uso watoto wetu wenyewe miaka saba ya skuli?

Namkusudia mtoto ambaye ukimtazama macho yake ni mazima, meupe, hayana chongo wala ukungu, naye haoni mbali. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Jicho lake limerefuka kidogo kuliko kipimo, basi nuru iingiayo hukutana kabla haijafika kwenye pazia la nyuma ya jicho, na kilicho mbali kikawa kama kilichofunikwa na umande. Ukimtilia mbele ya jicho kioo kilichobonyea katikati, nuru husogea ikakutana mahali pake, naye akaona. Wako na wengine ambao mambo yao ni kinyume cha hayo, kilicho karibu ndicho kiwataabishacho, na kioo chao ni kile kilichotuna katikati. Bass. Hapana jini hapo wala husuda, na hapana dawa ya kumeza.

Na taabu ya ugonjwa huu ni kuwa mwenyewe haujui. Mtoto aliyezaliwa hivyo, au aliyeanza kufifiwa pole pole tangu akiwa na miaka saba au minane, hudhani kuwa watu wote huona kama aonavyo yeye. Hajapata kuona majani ya mwembe moja moja. Kwake mwembe ni kitu kijani kilichofungana. Vipi ashitaki kukosa kitu asichojua kuwa kipo? Basi hanena. Atakaa kitako nyuma ya darasa, na mwalimu ataandika ubaoni, naye ataangalia daftari la mwenzake anakili. Na mwenzake akikosea naye atakosea, na mwenzake akimficha atakaa bure. Na skuli zetu za pembezoni mwa mji mwazijua. Tangu ada ilipoondolewa hatta kidato cha nne, mwaka 2016, watoto wamezidi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Walakini ziko skuli za Mbagala ambazo darasa moja limepata kuwa na watoto zaidi ya 100. Aliye nyuma kabisa, hatta mwenye macho ya kipanga hupata taabu kuusoma ubao ule.

Na hapa nitasema neno ambalo sisi walimu wa vyuo lastahili kutushughulisha. Chuo huuficha ugonjwa huu. Mtoto asiyeona mbali akija chuoni hushika juzuu mkononi, akaisogeza karibu na pua, akasoma vizuri pengine kuliko wenzake, kwani kilicho karibu hukiona barabara. Na kinachosomwa kwa kutamkiwa, mwalimu akisema na wanafunzi wakipokea, hukidaka kwa masikio. Nimemjua kijana katika upande wa Temeke, aliyehifadhi juzuu tano na umri wake haujafika miaka kumi na mbili, na huku skuli alikuwa wa mwisho katika darasa lake muda wa miaka mitatu. Baba yake akitembea akijisifu kuwa mwanawe moyo wake umekataa ilimu ya dunia, umeelekea ilimu ya akhera. Masikini, alidhani ni ucha Mungu! Siku alipopimwa macho ilidhihiri kuwa ubao wa skuli hajapata kuusoma hatta mstari mmoja.

Baba huyu alikuwa na dhana njema angalau. Walio wengi dhana yao ni nyingine: husema mtoto ni mvivu, au ni mkaidi, au ana shetani. Mvivu hupigwa, mkaidi hutukanwa, na mwenye shetani hupelekwa kwa mganga, akatakiwa kuku na ubani na kitambaa cheupe, na fedha iliyotiwa chini ya sahani. Jumlisheni wenyewe hayo yote, kisha mwulizeni bei muuza miwani.

Msidhani nanena kwa kukisia. Katika mji wetu huu wa Dar es Salaam matabibu wa macho walizipita skuli za sekondari 37, wakawapima wanafunzi 6,904 wa kidato cha kwanza, na khabari ya kazi yao ikapigwa chapa mwaka 2008. Wakawapata wanafunzi 135 ambao hapana shaka wanahitaji miwani. Sasa wakataka kujua jambo moja: je, ni umasikini tu uwazuiao? Wakazigawanya zile skuli kwa kura. Upande mmoja wanafunzi wakapewa miwani bure, mkononi. Upande wa pili wakapewa cheti cha kipimo, wakanunue wenyewe. Ikapita miezi mitatu, wakarudi pasipo kutarajiwa kuwa nani anayo.

Katika wale wa vyeti waliowakuta, walikuwa 50, na wenye miwani usoni au mkobani ni 13. Hilo tulilitazamia, kwani cheti hakioneshi mtu kitu. Katika wale waliopewa bure, walikuwa 58, na wenye miwani ni 27. Basi kupewa bure kumefaa, na faida yake yaonekana waziwazi. Asije mtu akasema haina maana. Lakini wale 31 waliobaki, nauliza, miwani yao iko wapi? Imetoka mkononi mwa tabibu bila ya senti moja, ikaingia katika nyumba zetu, na huko ikapotelea. Iko sandukuni. Iko juu ya kabati. Imefungwa katika leso ya mama isivunjike, kana kwamba ni kidani cha harusi, na mwenyewe yuko skuli anapapasa.

Walipoulizwa wanafunzi wa mji huu ni nini kinachowazuia, yalidhihiri mambo matatu: kicheko cha wenzao, na khofu ya wazee wao kuwa miwani ina madhara, na bei. Angalieni kuwa mawili ya kwanza hayaondolewi na Serikali, wala na tajiri, wala na hospitali. Hayo yako kwetu.

Amma khofu, asili yake naifahamu. Mtoto huvaa miwani mwezi mmoja, kisha akiivua husema: sasa sioni kabisa. Baba husema: mwaona? imemharibu. La, haikumharibu. Zamani alikuwa hajui kuona ni kitu gani, na sasa amejua, kwa hiyo ukungu ule ule aliouzoea umekuwa mzito kwake. Na husema tena: mwaka wa kwanza alipewa kioo chembamba, mwaka wa pili wakakizidisha. Naam, kwa sababu mtoto anakua, na jicho lake linakua pamoja naye. Kanzu ya Idi ya mwaka jana imemfikia magotini mwaka huu. Je, ni kanzu ndiyo iliyomrefusha?

Kilicho na lawama ni kuvaa kisichokuwa chako. Ile miwani ya kusomea wanayouza vijana kando ya njia, ambayo sisi wenye ndevu nyeupe twainunua kwa kujaribu jaribu, hiyo ni ya macho yaliyochoka kwa umri. Ukimvisha mtoto asiyeona mbali utamzidishia kiza, kisha utasema miwani mibaya. Mtoto apimwe kwanza na mwenye kujua. Hospitali ya CCBRT iko Msasani, na kazi ya macho ni katika kazi zake kubwa. Na Muhimbili ipo. Anayetoka Chamazi au Bunju nauli itamwuma, sikatai, lakini si nauli ya kila siku.

Wako na wasemao kuwa miwani ni mambo ya Wazungu. Hawa sitawajibu kwa urefu. Aliyeieleza elimu ya nuru na kuona, kuwa jicho halitoi mwali bali hupokea nuru itokayo katika vitu, ni Abu Ali Ibn Haitham, Mwislamu mzaliwa wa Basra aliyefia Misri kiasi cha mwaka 1040. Na kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kilatini ndicho walichosomea watu wa Ulaya, na miwani ikatokea kwao Italia mwisho wa karne ya 13. Mwenye kukataa urithi wa babu yake kwa kuwa umepita mikononi mwa jirani, shauri lake.

Na wako wasemao: mtegemee Mungu, mwombee dua, kwani mama yake Imamu Bukhari alimwombea mwanawe akarudishiwa macho. Kisa hicho kimepokewa na sisi hatukikanushi, na mama zetu na waombe usiku na mchana. Lakini Mtume aliyetufunza dua ndiye aliyetufunza kujitibu, na kumfunga ngamia kwanza ndipo kutegemea. Mbona mwenye kusema hivi likimwuma jino hutangulia hospitali, akaiweka dua njiani?

Amma kicheko, hili lanihuzunisha zaidi. Mtoto akitokea na miwani huitwa macho manne, huitwa babu, hunyang'anywa ikarushwa huku na huku hatta ikavunjika. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kuchekana na kutiana majina mabaya, na sisi watoto wetu tumewahifadhisha Sura hiyo. Maana yake tumeiacha wapi? Tusiwatupie watoto lawama yote. Mtoto huyu kalisikia neno hili wapi? Kalisikia barazani, mtu mzima akimwambia mtu mzima mwenzake, na kahawa zikipita, na watu wakicheka. Na msichana taabu yake ni maradufu, kwani huambiwa kuwa mwenye miwani haposwi. Walii wake humwacha mtoto wa watu apapase mbele ya ubao miaka kumi kwa sababu ya mume ambaye hajulikani jina lake wala hajulikani kama atakuja.

Sasa nije katika bei, na hapa nitasema kwa mujibu wa madhhab yetu ya Shafii, kwani watu wengi hudhani kuwa miwani ni jambo la hiari, baba akipenda atatoa, asipopenda haidhuru. Sivyo. Nafaqa ya mtoto mdogo asiye na mali ni wajibu juu ya baba yake, na kipimo chake si kibaba wala pishi kama nafaqa ya mke, bali ni kwa kadiri ya kumtosha. Na wanavyuoni wetu wametaja kuwa ujira wa tabibu na thamani ya dawa vimo ndani ya kutosha huko. Basi miwani aliyoiandika tabibu iko pamoja na chakula na nguo. Baba mwenye uwezo akiizuia huku akilipa kila mwezi ada ya kutazama mpira katika televisheni, amezuia haki ya mtu, na mtu mwenyewe ni mwanawe.

Na asiyekuwa na uwezo kweli? Wachukuzi wa sokoni, na wauza maji, na mayatima wanaolelewa na bibi zao, ni wengi katika mitaa yetu. Hawa Zaka ni haki yao. Lakini waitoao na waangalie: haifai tajiri kununua miwani mia kwa fedha ya Zaka kisha akaigawa kama apendavyo, kwani fakiri hupewa Zaka yenyewe ikawa milki yake, na mdogo humpokelea walii wake. Mpe walii fedha, mwelekeze anunue. Mwenye kutaka kununua yeye mwenyewe na kugawa, na atoe katika sadaka, mlango huo ni mpana. Na liko jambo la tatu ambalo sijaona msikiti uliolifanya katika upande wetu, nalo ni wakfu. Sanduku la vioo vya kupimia, na fremu yake, na karatasi ya herufi, ni vitu vya kudumu, hutumika na vikabaki. Na katika madhhab yetu kitu cha kuhamishika chenye kubaki na kunufaisha chafaa kuwekwa wakfu. Twaweka wakfu misahafu hatta kabati zikajaa, na juu yake vumbi. Mwenye kuweka wakfu kitakachomfanya mtoto auone msahafu ujira wake hautapungua, inshaallah. Sanduku likae msikitini, na tabibu alifuate mara mbili katika mwaka.

Na kabla ya tabibu yuko mwalimu. Karatasi yenye herufi E iliyoelekezwa huku na huku, kubwa juu na ndogo chini, hubandikwa ukutani. Mtoto husimama mwendo wa mita 6, akafunika jicho moja, akaonesha kwa mkono herufi imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Katika upande wa Mwanza ilijaribiwa kazi hii katika skuli tatu za msingi, na khabari ikatolewa mwaka 2000: walimu wa kawaida, wasio matabibu, waliwatambua 8 katika kila 10 ya watoto ambao matabibu waliwaona hawaoni vizuri kwa macho yote mawili. Ikiwa mwalimu wa skuli aliweza, mwalimu wa chuo ana udhuru gani? Kuta tunazo.

Walimu wenzangu, neno la fimbo ni zito zaidi ya mnavyolichukua. Mwalimu katika madhhab yetu hampigi mtoto illa kwa idhini ya walii wake, na kupiga huko ni kwa sharti la salama: akidhurika mtoto, mwalimu hudhamini, wala haimfai kusema nilikusudia kumtia adabu. Hayo ni kwa mtoto aliyekosa kweli. Ama huyu ambaye kosa lake ni urefu wa jicho lake, umempigia nini? Aliyekuamuru kuusoma ubao asiouona ni kama aliyekuamuru ubebe mtumbwi. Nimeona katika chuo kimoja mtoto akipigwa kwa kuruka mistari ya juzuu, na kila akipigwa akizidi kuruka. Naye alikuwa katika wale ambao kilicho karibu huwataabisha. Alitoka chuoni hakurudi, na leo ni kijana mzima, Fatiha yake haijatimia. Dhamana ya Fatiha ile i juu ya nani?

Na faida ya kuona msiifanye ndogo. Huko magharibi ya Uchina, katika nchi za Gansu na Shaanxi, mwaka 2012 na 2013 walipimwa watoto karibu 20,000 katika skuli 252, na wengi katika waliokuwa hawaoni mbali hawakuwa na miwani. Baadhi ya skuli watoto wakapewa bure. Na mwisho wa mwaka waliopewa waliwazidi wenzao katika mtihani wa hisabati. Hawakubadilishiwa mwalimu, wala kitabu, wala baba.

Imamu wetu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa yatima, na mama yake hakuwa na cha kumpa mwalimu. Mwalimu akaridhika kwa kuwa mtoto huyu akimsaidia kuwafunza wenzake. Hakuwa na karatasi, akaandika juu ya mifupa. Kila mwaka twawasimulia wanafunzi kisa hiki ili wajue kuwa umasikini si udhuru. Naam, umasikini haukumzuia. Lakini mfupa aliuona.

Limebaki suala nililoulizwa na wazee wawili mbalimbali, ambao wamewakataza watoto wao kuja na miwani chuoni kwa kudhani kuwa inabatilisha sala. Jawabu: haibatilishi. Katika udhu aivue, ili maji yafike katika pembe za macho na pale inapokalia juu ya pua. Katika sala, lililo wajibu katika kusujudu ni paji la uso ligusane na chini bila ya kitu baina yake, na miwani haikai juu ya paji. Pua kuifikisha chini ni sunna. Basi ikiwa miwani yamzuia pua tu, sala yake imesihi, na ikiwa yalizuia paji lisitue, ni wajibu aivue. Na kwa mtoto ni bora aivue kabla ya kuhirimia, aitie mfukoni mwa kanzu au aikabidhi kwa mwalimu. Asiiweke juu ya mkeka mbele yake, kwani sala ikiisha watoto huinuka kwa pamoja, na miwani itakanyagwa.

Wallahu aalam.